Pingili Tisa za Slothi na Wivu wa Thacienne

Saa moja na robo asubuhi, Thacienne Bigirimana anafunga aproni ya mpira, anavuta kigoda na kukaa mbele ya beseni la maji ya uvuguvugu. Ndani ya beseni kuna mbweha. Au tuseme aliwahi kuwa mbweha. Sasa imebaki mifupa, na Thacienne anaitoa mmoja mmoja, anausugua kwa mswaki laini na kuutazama kwa jicho moja.

Kila pingili ya uti wa mgongo inayotakata anaitunga kwenye uzi, kisha anaisukuma igusane na iliyotangulia. Upande wa kichwa amefunga fundo la uzi mwekundu, ili asiye na habari asije akampa mnyama kichwa mahali pa mkia.

"Ukishaimwaga ovyo kwenye sinia umeipoteza," anasema bila kuinua macho. "Kila pingili inamjua jirani yake. Mimi kazi yangu ni kutowatenganisha, basi."

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na mitatu ni mwosha mifupa. Anafanya kazi katika karakana ya makumbusho madogo ya kufundishia wanafunzi, jengo la matofali lililojificha nyuma ya maegesho ya magari, dakika kumi kwa basi kutoka nyumbani kwake Merrylands, magharibi mwa Sydney. Wanyama waliokufa, wengine kabla hata yeye hajazaliwa, hufika hapo wamefungwa kwenye maboksi. Hutoka wamesimama kwa miguu yao, wameshikwa kwa waya na gundi, tayari kushangaliwa na watoto wa shule.

Aliingia humo miaka sita iliyopita akiwa na ufagio, na mwaka uleule akapewa na beseni. Mpaka leo ni kibarua, dola thelathini na moja kwa saa, na wiki isiyo na boksi ni wiki isiyo na saa. Mara mbili ameomba ajira ya kudumu ya kuunganisha mifupa, na mara zote mbili ameambiwa hana cheti.

Hilo la cheti ndilo lililozaa haya tunayoyasimulia. Ni Thacienne mwenyewe aliyetaka yasimuliwe, na tangu dakika ya kwanza alilitaja jina la ugonjwa wake bila kuzunguka mbuyu.

"Andika wivu," alisema. "Usiandike huzuni, usiandike uchovu. Wivu."

Kutunga alijifunza kambini Kigoma, alikoishi miaka kumi na miwili baada ya kuikimbia Burundi. Parokia ya kambi ilimpa punje na uzi atengeneze rozari, na malipo yalikuwa sabuni na chumvi. Tangu hapo vidole vyake havivumilii kitu kilichohesabiwa vibaya.

"Punje kumi, nafasi, punje kumi," anakumbuka. "Ukikosea moja, kuna bibi atasali Salamu Maria tisa, halafu anakuja kukudai ya kumi."

Jirani yake kambini alikuwa Darlène, ambaye hadi leo ni shoga yake wa kufa na kuzikana. Darlène ana binti mmoja, Lyse Irambona. Thacienne alimbeba Lyse mgongoni, akamnyoa nywele za kwanza, na familia zote mbili zilipoletwa Australia, ni yeye aliyemshika mkono siku ya kwanza ya shule, kwa kuwa Darlène alikuwa anaumwa.

Lyse sasa ana miaka ishirini na sita. Alisomea uuguzi wa wanyama, akapata cheti, kisha akakaa miezi minane nyumbani akituma barua za maombi. Thacienne akaenda kwa bosi wake, Owuor, kumsemea.

"Nilimwambia, huyu ni mtoto wangu. Mpe hata wiki moja umwone."

Owuor, Mkenya wa Kisumu mwenye miaka ishirini katika kazi hiyo, akampa wiki. Baada ya miezi mitatu akampa ajira ya kudumu, meza ya dirishani, na ile nafasi aliyoiomba Thacienne mara mbili. Hapo karakanani watatu hao huongea Kiswahili, maana Owuor hajui Kirundi, na Kijaluo wale wawili hawataki hata kukijaribu.

Siku hiyo Thacienne alipiga vigelegele. Akaenda kwa Darlène akapika ndizi na maharage, wakala wakacheka.

"Nilifurahi kwa mdomo," anasema. "Rohoni kulikuwa na kitu kama mwiba wa samaki. Unameza tonge, unameza jingine, chenyewe kimekaa tu pale."

Mumewe, Térence, anayesambaza mikate kwa gari, aliliona jambo hilo mapema kuliko mwenyewe. "Alianza kuhesabu," anasema. "Lyse kapewa viatu vipya. Lyse kaitwa kwenye meeting. Nikamwambia, mama, hiyo ni roho ya kwa nini, itakumaliza. Akaninunia siku mbili, na chai nikajipikia."

Mwezi Machi mwaka huu likaingia boksi kutoka chuo kimoja kilichokuwa kinafunga stoo yake. Humo mlikuwa na mifupa ya slothi wa vidole vitatu, mnyama wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Kwetu hajawahi kukanyaga, ndiyo maana jina lake la Kiswahili bado ni la kuazima. Wengine humwita mnyama mvivu, jina ambalo Thacienne hataki kulisikia.

Ni kiumbe wa ukubwa wa paka mnene. Mikono yake ni mirefu kuliko miguu, na kila kiungo kina kucha tatu zilizopinda kama kulabu, za kujitundika kwenye tawi. Kwa kuwa maisha yake mengi ni ya kuning'inia, hata manyoya yake yameota kinyume, kutoka tumboni kuelekea mgongoni, ili maji ya mvua yateremke. Humo manyoyani huota mwani wa kijani na nondo hufanya nyumba. Jani alilolila leo laweza kukaa tumboni kwa wiki kadhaa. Huteremka chini mara moja kwa wiki, anaenda haja, kisha anapanda tena bila kumsalimia mtu.

Thacienne aliyajua hayo kwenye video aliyoonyeshwa na Lyse. Akaomba atumiwe. Akaitazama saa ya chakula, akaitazama kwenye basi, na hapo akampata mtu wa pili wa kumwonea wivu, naye hata mtu si mtu.

"Mimi hapa Australia kila kazi nimeambiwa hurry up," anasema. "Nimefua mashuka ya hoteli, hurry up. Nimekata kuku kiwandani, hurry up. Sasa naona mnyama anamaliza asubuhi nzima kwenye tawi moja, na watu wanapanda ndege waende kumtazama. Nikasema, Mungu wangu, huyu alikupa nini?"

Lyse ndiye aliyemweleza kwamba raha ya slothi ina mipaka yake. Msitu ukikatwa, miti haigusani tena, na mnyama asiyeweza kutembea ardhini inambidi atambae kwa tumbo barabarani, mbele ya magari na mbwa. Wengine hushika nyaya za umeme wakidhani ni matawi. Wengine huchukuliwa msituni ili watalii wapige nao picha. Kuna aina moja, slothi kibete, iliyobaki kwenye kisiwa kimoja kidogo cha Panama na si kwingine duniani.

Na huyu wa vidole vitatu ni mgumu kufugwa, kwa sababu ya majani anayochagua. Ndiyo maana kiunzi cha mifupa yake kilichokamilika kinatunzwa kama yai. Kikiharibika, huwezi kuagiza kingine.

Thacienne alikuwa na matumaini na boksi hilo. Owuor aliwahi kumdokeza kwamba ipo siku atampa mnyama mdogo amuunganishe chini ya uangalizi wake. Lakini Owuor alikuwa anasafiri wiki tatu kwenda Kisumu kumwoza mdogo wake, na kabla ya kuondoka aliliweka boksi kwenye meza ya dirishani.

"Aliniambia, 'Mama Thacienne, wewe osha kama kawaida, Lyse atafunga. Ni mambo ya insurance, wanataka mtu wa cheti.' Nikasema sawa. Ningesema nini?"

Basi akaosha. Pingili za shingo zilikuwa bado zimeshikana kwa kano zilizokauka, na maji yalipozilegeza alizitunga moja baada ya nyingine, fundo jekundu upande wa kichwa. Alipofika kwenye pingili ya kwanza yenye mbavu akahesabu zilizotangulia. Akahesabu tena.

Kwa miaka sita ameosha wanyama zaidi ya mia, na shingo zao amezizoea. Posamu saba, kangaruu saba, sungura saba. Huyu alikuwa na tisa.

"Nilihesabu kama nasali," anasema, na uso wake unachangamka kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuzungumza. "Tisa. Nilifurahi, nikataka kumwita mtu nimwonyeshe. Na mtu wa kumwita alikuwa Lyse."

Hakumwita. Alichukua mkasi, akakata uzi, akazimwaga pingili zote kwenye sinia na kuzikoroga kwa kiganja. Kisha akalipeleka sinia kwenye meza ya dirishani na kurudi kwenye beseni lake.

"Nilisema moyoni, apange mwenyewe, si amesoma?"

Gazeti hili lilipomuuliza alitarajia nini, alijibu akiendelea kusugua. "Nilitaka ahangaike. Nilitaka aje aniulize. Angesema tu, Tantine nisaidie, ningemwambia saa ileile." Tantine, yaani shangazi, ndivyo Lyse anavyomwita.

Lyse hakuuliza, kwa sababu hakuona cha kuuliza. Chuoni alifundishwa kwamba wanyama wanaonyonyesha, kuanzia panya hadi twiga, wana pingili saba za shingo. Hakuambiwa, au hakusikia, kwamba wapo wachache walioikataa sheria hiyo. Tena ndani ya boksi mlikuwa na mifupa kadhaa ya slothi wa vidole viwili, binamu wa huyu. Akachagua pingili saba zilizomridhisha, na mbili zilizobaki akazitia kwenye bahasha na kuandika juu yake kwamba ni za mnyama mwingine.

"I was so sure," anasema Lyse, akichezea ncha ya msuko wake. "Tantine hajawahi kuniletea mifupa imechanganyika, hata siku moja. So nikajua boksi ndiyo ilikuja vibaya. Yeye sikumfikiria kabisa."

Bahasha ilikaa rafuni siku tatu. Kila asubuhi Thacienne alifagia chini yake.

"Siku ya kwanza niliona raha, nisikudanganye. Siku ya pili nilifagia bila kuitazama ile bahasha. Siku ya tatu nikaanza kumchukia Lyse kwa sababu haniulizi. Unaona wivu ulivyo na akili? Kosa ni langu, na yeye ndiye ninayemkasirikia."

Kusema kulikuwa na gharama. Kibarua hafukuzwi kazi. Haitwi tu, na simu inanyamaza. Lakini Thacienne anasema si hilo lililomfunga mdomo.

"Kazi ningepata nyingine. Darlène sina mwingine. Nitamwambia nini? Kwamba mtoto wake niliyemlea nilitaka aaibike mbele ya watu?"

Siku ya nne, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, Lyse alifika mahali pa kuunganisha shingo na mgongo. Pingili yake ya saba haikukaa. Akaigeuza, haikukaa. Akaijaribu kwa nta, ikateleza. Shule ya kwanza ilikuwa inakuja baada ya siku kumi, na bosi alikuwa ng'ambo. Akafungua droo, akatoa tupa ndogo ya chuma, ili aukwangue mfupa pembeni kidogo tu, upate kuingia.

Thacienne alikuwa upande wa pili wa chumba. Anasema hakumbuki kuinuka.

"Nilimkamata mkono kwa nguvu, kama nilivyokuwa namkamata akiwa mdogo akikimbilia jiko la kuni. Nikamwambia, acha, mfupa hauoti tena. Shingo ni tisa. Nilizihesabu. Zilikuwa kwenye uzi, na uzi nimeukata mimi."

Lyse aliweka tupa mezani. Alitoka nje, akaingia kwenye gari lake maegeshoni na kukaa humo karibu nusu saa.

"Nilimwona dirishani," anasema Thacienne. "Hakufanya kitu. Hata simu hakushika. Ningefurahi kama angenitukana."

Aliporudi aliifungua bahasha, akazilaza pingili mbili mbele ya Thacienne pamoja na kibunda cha uzi. "Tunga basi, Tantine," alisema. Halafu akauliza, "Why didn't you just tell me?"

Thacienne aliuchukua uzi. Alitunga. Alizijaribu pingili moja moja kwa ncha za vidole, akisikiliza kwa ngozi ipi inalala juu ya ipi, na Lyse akimshikia taa. Ilipofika saa tisa alasiri shingo ilikuwa nzima, na ilipokutana na mgongo ilikaa bila kusukumwa.

Ni shingo inayofaa kutazamwa. Kwa pingili hizo za ziada slothi wa vidole vitatu hugeuza kichwa karibu robo tatu ya duara, akaona nyuma yake bila kusogeza mwili. Asiyeweza kukimbia walau anamwona adui. Lyse aliyakuta maelezo hayo jioni kwenye kitabu kilichokuwa juu ya meza yake muda wote. "Kitabu kilisema," anakiri. "Ni mimi sikufungua hiyo page."

Owuor alirudi Jumatatu. Lyse alikuwa ameshaamua kunyamaza, na alimwambia Thacienne hivyo. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kuendelea kuosha.

"Hapo ndipo wivu ulinipanda upya," anasema Thacienne, na anacheka kwa aibu. "Amenizidi cheti, amenizidi dirisha, sasa anataka kunizidi na moyo? Nikaenda kwa Owuor mwenyewe, nikamwambia yote."

Owuor anasema alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba aachwe peke yake. "Niliskia vibaya, si uongo," anaeleza. "Mifupa iko sawa, hiyo si shida. Shida ni mimi huwa hata siangalii uzi wa huyu mathe. Naamini tu. Sasa mtu akikuvunjia hiyo kitu, unaanza wapi?"

Hakumfukuza. Alimrudisha kwenye ufagio peke yake mwezi mzima, na beseni likakaa kavu. Thacienne anakiri kwamba mwezi huo ulikuwa mrefu kuliko miaka yake yote sita hapo, kwa sababu maboksi yaliingia na Lyse akaosha mwenyewe, vibaya.

Leo slothi ananing'inia kwenye kabati la kioo, kichwa chini, shingo imegeuka nyuma kana kwamba kaitwa. Wanafunzi wanambandikia nyuso kwenye kioo na kuuliza kama amekufa au amelala. Kibao kilicho chini kina jina moja la aliyemuunganisha: Lyse Irambona. Lyse aliomba yawe mawili, Owuor akakataa.

"Yuko sahihi," anasema Thacienne. "Lakini kila nikifuta kile kioo, inauma. Lyse nampenda, na inauma. Nisiseme uongo gazetini."

Sasa beseni amerudishiwa. Mwezi Julai ataanza masomo ya Kiingereza, siku mbili kwa wiki, hatua ya kwanza ya kukitafuta cheti. Lyse ametia sahihi kama mdhamini wake. Owuor ameahidi kwamba akifaulu hatua hiyo atampa sungura amuunganishe mwanzo hadi mwisho, na Thacienne ameshamtunza sungura huyo kwenye boksi lenye jina lake.

Kabla ya Julai, hata hivyo, kuna Jumapili hii. Darlène, anayeishi Rooty Hill, hajui lolote. Lyse hakumwambia mama yake. Anasema habari hiyo si yake kuitoa. Thacienne amejaribu mara tatu, na mara tatu maongezi yakaishia kwenye bei ya unga.

Darlène hakuwahi kujifunza kusoma. Kila Jumapili baada ya misa Thacienne hupanda treni kwenda kumsomea barua za wiki: za serikali, za daktari, na gazeti likipatikana. Wiki hii atalipeleka gazeti hili.

"Ataiona picha yangu, atafurahi, ataniambia soma," anasema, akikausha mikono kwenye aproni. "Na mimi najijua. Nikifika kwenye mkasi nitataka kuruka. Yeye hawezi kujua nimeruka."

Anaitazama meza ya dirishani, alipo Lyse.

"Kwa hiyo nimemwomba Lyse akae karibu yangu, ashike upande mmoja wa gazeti. Nikiruka mstari, anirudishe."